Kumrudisha Mtoto Mbuji

Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa Mbaha, nimekulia usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, na ugali wa muhogo, na sikuwahi kufikiri kwamba nitazeekea kwenye baridi ya Umatengo. Lakini ndiko nilikopangiwa kazi nikiwa bado msichana, kuwa matroni katika shule ya maadilisho ya wavulana, juu ya kilima nje kidogo ya Mbinga. Dada zangu walinicheka. Walisema nimekwenda kulea wezi. Niliwajibu kwamba hata mwizi anahitaji mtu wa kumshonea kifungo.

Maovu ya pale mengine nilisimuliwa, mengine niliyakuta. Kulikuwa na chumba kisicho na dirisha ambacho wavulana walikiita Ng'ambo, kwa sababu aliyeingizwa humo alikuwa kama amevuka ziwa, haonekani wala hasikiki. Kulikuwa na mkuu wa zamani aliyempiga mvulana kofi mpaka sikio moja likaziba kabisa. Yule mvulana nilimkuta, anageuza kichwa kama kuku kila ukimwita. Yule mkuu sikumwona hata mara moja, lakini nilimchukia na bado namchukia, Mungu anisamehe.

Na kulikuwa na kengele. Ikilia saa isiyo yake, watu wa vijiji vya jirani walijua mvulana ametoroka. Waliacha majembe kwenye ngoro zao, yale mashamba ya mashimo ya milimani, wakashika fimbo, wakaita mbwa. Aliyemrudisha mtoro alizawadiwa mche wa sabuni. Ilikuwa miaka ya uhaba, watu wanafua kwa majani ya mpapai, na sabuni ilikuwa kitu cha kukimbilia. Basi utamwona baba mzima, msali rozari, anamkimbiza mtoto wa mwenzake mabondeni, kisha kesho yake mkewe anakwenda mtoni kufua mashuka huku anaimba.

Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Maduka ya Mbinga yakajaa sabuni za kila rangi, nyingine zinanukia mpaka unataka kuzila. Kengele ikalia, na huko mashambani hakuna aliyeinua kichwa. Wapo wanaosema soko huria lilituletea ubinafsi, na huenda ni kweli. Mimi nilichokiona ni kwamba lilituletea sabuni, na watoto wakaacha kuwindwa.

Lakini ruksa hiyohiyo ndiyo iliyotuletea wavulana wengine. Zamani kahawa iliuzwa kwenye chama cha ushirika tu, na chama kilimjua kila mkulima na shamba lake, kwa hiyo mwizi angeiuza wapi? Sasa wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao nyuma ya gari, wakanunua kwa yeyote mwenye mfuko, bila kuuliza ni mtoto wa nani. Vijana wakaanza kuchota kahawa za watu vichanjani, zikiwa bado zinakaushwa.

Mmoja wao alitoka Mbuji. Alikuwa amechota kahawa ya babu yake mwenyewe. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi, asirudi. Alikuwa mpole, mikono mirefu imezidi shati, ukimtuma maji anakuletea na kuni. Matroni hatakiwi kuwa na kipenzi. Mimi nilikuwa naye, na sioni haja ya kuficha.

Siku moja mkuu wetu mpya, mtu mstaarabu sana, alituita akatuambia wafanyakazi wanapunguzwa na shule inafungwa. Kila mvulana angerudi kwao. Ambaye ukoo wake haumtaki angehamishiwa gereza la wakubwa, mkoa mwingine. Babu wa yule mtoto wa Mbuji alikwisha kuulizwa, akajibu kwamba mjukuu wa namna hiyo hamjui.

"Niruhusu nimpeleke mwenyewe," nilimwambia mkuu.

"Na wakimkataa, Matroni?"

"Wakimkataa nitarudi naye hapa, halafu utamwambia wewe mwenyewe anakokwenda."

Alinikunjia uso, lakini aliniruhusu. Nilimnunulia mtoto shati la mitumba lenye mikono ya kumtosha, nikabeba kikapu cha usipa wakavu niliotumiwa kutoka nyumbani, tukapanda lori lililokuwa linafuata kahawa. Mahali pengine tulitembea. Njia nzima hakusema neno, nami, ambaye hunyamaza kwa shida, nilisema kwa niaba yetu sote wawili.

Tulifika jua likiwa bado juu. Nilimwamkia mzee, yule babu, shikamoo, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za ziwa. Mtoto naye akaamkia. Mzee akatazama migomba.

Mama mkubwa wa yule mtoto, yaani mke wa baba yake mkubwa, alinivuta jikoni. Ndiye aliyenieleza jambo ambalo mtu wa Nyasa kama mimi nilikuwa nalisikia juujuu tu. Wanaume wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, hula pamoja kwa babu, na hapo ndipo mambo yote ya ukoo yanapoamuliwa. Wao wanapaita sengu. Kila nyumba hupeleka chakula chake, na kila mwana hukaa pale kwa chakula cha nyumba ya mama yake.

"Sasa huyu atakaa kwa chakula cha nani?" aliniuliza. "Nyumba ya mama yake haina moto miaka yote hii. Sisi tukipika kwa jina lake bila mzee kutaka, tutaonekana tunashindana naye."

"Na akipikiwa na mtu mwingine?"

Alifikiri. "Chakula kikifika, mzee ndiye anaonja. Akionja, mtoto amerudi. Kikibaki vilevile, ndiyo basi."

Hasira zilinipanda. Nilikuwa nimechoka na vumbi la lori, nimechoka na wazee wanaotazama migomba. Nikasema, "Nipeni sufuria."

Nilipika usipa kwa nyanya na kitunguu, nikasonga ugali wa mahindi yao. Wale wanawake walinicheka jinsi ninavyoshika mwiko, wakasema kumbe Wanyasa wanasonga kama wanapiga kasia. Nami nikacheka. Chakula kilipoiva hakuna aliyetaka kukipeleka, kwa hiyo mtoto alikibeba mwenyewe.

Tulichungulia mlangoni. Aliweka sahani mbele ya babu yake, akapiga magoti.

"Hiki kimetoka nyumba gani?" mzee aliuliza.

"Ya mama," mtoto alijibu.

Nusura niangushe mwiko. Mzee alikitazama kile chakula kwa muda, kisha akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akatia mdomoni. Mama mkubwa alinifinya mkono mpaka nikaumia.

"Nawa," mzee alimwambia mjukuu wake.

Mtoto alinawa. Kisha akakaa, mikono juu ya magoti, macho kwenye chakula, asile. Wenzake walikuwa wanakula. Mzee akamngoja, akamngoja tena, na nikaona uso wake unaanza kukunjamana. Baba mdogo mmoja akasema kwa sauti, "Anaringa. Hata chakula chetu anakidharau."

Hakuwa anaringa. Kule shuleni hakuna aliyegusa chakula kabla ya filimbi, na aliyewahi alichapwa. Mtoto alikuwa anaingoja filimbi. Aliyeipuliza kila mlo, miaka yote ile, nilikuwa mimi.

Mwanamke hapazi sauti kwenye sengu, tena mwanamke mgeni. Nililijua hilo. Nilisimama mlangoni nikaita kwa nguvu zangu zote, "Kula, mwanangu! Kula!"

Wote waligeuka. Wanawake nyuma yangu waliziba midomo. Mzee alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akamsogezea bakuli la usipa.

"Umemsikia mama yako," akasema.

Mtoto akala. Alikula kwa mikono yote miwili, watu wakaanza kucheka, na mama mkubwa akaniambia niteleke maji mengine, maana ugali huo hautatosha.