Kijiko Kifudifudi

Wako watu wanaostaafu kazi, na wako wale ambao kazi inagoma kustaafu ndani yao. Mwalimu Kijiko alikuwa wa kundi la pili. Ujana wake na utu uzima wake wote aliumalizia katika darasa la sayansi kimu la sekondari ya wasichana, akifundisha kupika, kushona, kutoa madoa, na kumwogesha mtoto wa plastiki aliyekuwa ameng'oka mkono mmoja. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mishahara. Wanafunzi walimwita Kijiko kwa sababu siku ya mtihani wa vitendo alipita meza kwa meza akionja, na kijiko chake kilikuwa hakina ndugu wala jirani.

Alipostaafu akarudisha ufunguo wa nyumba ya shule, akahamia kwa mwanawe wa pekee, fundi umeme. Mke wa mwanawe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti mpole, msafi, mikono yake inajua jiko. Ungesema Mwalimu ameangukia kwenye asali. Mwenyewe alisema hivyohivyo, wiki ya kwanza.

Kabla hajafungua hata sanduku, mwanawe alimvuta pembeni.

"Mama, naomba kitu kimoja tu. Hapa nyumbani usitoe maksi."

"Maksi za nini?"

"Za chochote. Chumvi, mashuka, mapazia. Nakujua."

Mwalimu akacheka, akaapa. Na kiapo chake alikishika kuliko wengi wanavyoshika vya ndoa. Wali ukiungua kidogo, kimya. Kabichi ikipikwa mpaka ikapoteza rangi, kimya. Ulimi ulimwasha, lakini aliutafuna pamoja na chakula. Akimaliza anaacha kijiko ndani ya sahani kama watu wengine wote, anasema, "Asante, mwanangu," basi.

Lakini kukawa na jambo lililomsumbua. Mkamwana wake hakuwa anakaa kula naye.

Anaandaa meza vizuri, kitambaa kimenyooshwa, glasi upande wa kulia. Anapakua. Kisha anasimama karibu na mlango wa jikoni, mikono nyuma, mpaka Mwalimu anyanyuke. Ndipo anakula peke yake, chakula kimekwisha kupoa.

"Kaa basi, mwanangu."

"Nakuja, Mwalimu. Wewe endelea."

Haji. Kesho yake vilevile. Na hilo la kuitwa "Mwalimu" ndani ya nyumba, na mwanamke aliyeolewa na mtoto wake wa kumzaa, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwalimu akaanza kujichunguza. Labda anatafuna kwa sauti. Akaenda na kipande cha mkate mbele ya kioo, akatafuna, akasikiliza, hakusikia kitu. Labda ananuka dawa ya kuchua magoti. Akaacha kuchua, magoti yakalia usiku kucha. Siku moja akabeba sahani yake akamfuata jikoni, akala kwenye kigoda karibu na sinki. Mkamwana akasogea kando ya dirisha, akasimama palepale, mikono nyuma. Wakabaki hivyo, mmoja anakula na mwingine anatazama, mpaka Mwalimu akaona aibu bila kujua ni ya nini.

Akamuuliza mwanawe.

"Mkeo hali chakula na watu?"

"Anakula. Tukiwa wawili tunakula pamoja."

"Na mimi nikiwepo?"

Fundi umeme akakuna shingo. "Nimemuuliza. Anasema ni heshima tu, yatapita. Mimi mwenyewe sielewi, mama."

Jibu hilo lilimvuruga zaidi. Kumbe tatizo ni yeye mwenyewe. Heshima gani hiyo inayomwacha mzee ale peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza? Angekuwa anasemwa vibaya angejua pa kushika. Angenyimwa chakula angejua. Lakini anafuliwa, anapikiwa, anachemshiwa maji ya kuoga, halafu anakwepwa mezani. Alilia kidogo, akajikaripia, akalia tena. Mwisho akatafuta chumba cha kupanga mtaa wa pili. Akafungasha sanduku polepole, akalisukuma chini ya kitanda. Alipanga kuondoka Jumatatu, kwa wema, kabla hajachukiwa waziwazi. Mwanawe angeumia, alijua. Lakini afadhali aumie mara moja kuliko kila mlo.

Jumamosi akaenda kwa fundi cherehani kupunguza sketi, maana wasiwasi ulikuwa umemkondesha. Fundi huyu naye alipita mikononi mwake, tena darasa moja na mkamwana: msichana wa maneno mengi aliyeshona mfuko wa aproni kwa ndani. Sasa alikuwa na duka lake, mashine mbili na vitambaa mpaka darini. Akamkaribisha kwa shangwe, akamwekea bakuli la supu.

Mwalimu akala huku akitoa yaliyomjaa. Akasimulia yote, mpaka la sanduku. Alipoinua uso, fundi alikuwa amesimama kando ya cherehani, kimya, mikono nyuma.

"Hata wewe?" Mwalimu aliuliza, sauti ikimkatika. "Nina nini mimi? Kaa!"

Fundi akajitazama mikono, akaangua kicheko. "Yaani mwili una akili yake! Mwalimu, hujageuza kijiko."

"Kijiko gani?"

"Si sheria yako? Mpishi anasimama, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Wewe unaonja, unasema kosa, unasema zuri. Ukilaza kijiko chali, bado. Ukikilaza kifudifudi, umemaliza, mtu akae ale alichopika. Tulikuwa tunakiangalia hicho kijiko kwa njaa, wewe! Niliwahi kukiota."

Mwalimu akatazama bakuli. Kijiko kilikuwa chali. Aliikumbuka sheria, jinsi mtu anavyokumbuka njia ya nyumba aliyohama. Lakini hakuona bado inamhusu vipi mkamwana wake.

"Hiyo ni ya darasani. Yeye ni mtu mzima, mke wa mtu."

Kicheko kikamkauka fundi usoni. Akavuta kiti.

"Mwalimu, yeye hukumgeuzia. Siku ya mtihani wa mwisho. Alipika pai ya nyama. Ukaonja, ukalaza kijiko chali, ukafungua mdomo useme, na karani wa ofisi akaingia akakuita. Ulitoka unakimbia na aproni."

Mwalimu akasukuma bakuli kando. Siku hiyo aliijua. Ndiyo siku aliyoanguka mumewe kazini, na alipofika hospitali alikuta ameshafunikwa. Aliikumbuka barabara, ngazi, viatu vya muuguzi. Pai haikuwemo kabisa katika kumbukumbu yake.

"Maksi tulipewa na mwalimu mwingine," fundi akaendelea. "Sisi tukakaa, tukala. Yeye akasimama mpaka wafagiaji wakaja. Nikamwambia, kaa, hatarudi. Akasema, 'Alikuwa anataka kuniambia kitu.' Sasa atakuuliza vipi, Mwalimu? Atakukumbusha pai na siku ile?"

Sketi ilisahaulika palepale. Njiani Mwalimu alikuwa anaongea peke yake, watu wakimpisha. Alimwonea huruma binti yule, akajionea huruma mwenyewe, akamkasirikia kila mtu aliyenyamaza, akianza na yeye mwenyewe. Kumbe wote wawili walikuwa wakiheshimiana mpaka karibu waachane. Alikuwa amefundisha jinsi ya kuandaa meza kwa kila namna, na kukaa mezani kulimshinda kufundisha.

Akaingia jikoni bila kuvua viatu.

"Mwanangu, kesho nipikie pai ya nyama."

Sufuria ikamponyoka mkamwana, ikalia sakafuni. Hakuuliza kwa nini.

Jumapili pai ikaja mezani. Fundi umeme alishaonywa asifungue mdomo. Mkamwana akapakua, akarudi mlangoni, akasimama mikono nyuma. Mwalimu akaonja. Akatafuna bila haraka, kama zamani.

"Chumvi imepungua," alisema.

Mwanawe akashtuka. "Mama! Tulikubaliana..."

"Nyamaza wewe, hukusoma somo hili." Akamgeukia mkamwana, macho yamemjaa maji. "Chumvi imepungua. Nyama umeikata sawasawa. Na ukoko wa chini umeiva, mwanangu, umeiva vizuri kabisa. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Nilitaka kukuambia siku ile. Nisamehe, nimechelewa."

Akakilaza kijiko kifudifudi.

Mkamwana alikitazama kijiko kwa muda, kana kwamba kingegeuka tena chenyewe. Kisha akafuta macho kwa aproni, akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na Mwalimu, akajipakulia kipande kikubwa. Akala tonge la kwanza. Akakunja uso.

"Kweli imepungua," alisema. "Mama, nisogezee chumvi."