Hodi Mji Mkongwe

Nilikuwa nasubiri zamu yangu saluni, Temeke, na mama aliyekuwa anasukwa akawa anasimulia safari ya Unguja. Yeye na majirani zake walikwenda kuuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu, waione ile milango ya kuchongwa.

"Mtembezaji akasema pigeni picha mlango huu. Sasa mie nisimame mlangoni kwa mtu nikodoe macho kama mwizi? Nikapiga hodi."

Msusi akaacha kusuka. "Ukaitikiwa?"

"Si bibi mmoja akaitikia karibu! Shikamoo, marahaba, mmetokea wapi, Temeke, ah, Temeke nina binti. Tukavua viatu, tukaingia sote. Kutoka, boti inakaribia kuondoka."

"Na milango mingine?"

"Ipi tena?" Akatuonyesha simu. Picha ilikuwa moja tu: amekalia mbuzi, anakuna nazi, anacheka.

"Mtembezaji je?"

"Yule? Alikula kutushinda. Anasema kila siku anawaelezea wageni mlango ule, hajawahi kuuona ukifunguliwa."

Niliporudi nyumbani nilitazama picha zangu za Unguja. Milango ninayo mingi, tena mizuri. Yote imefungwa.