Neno la Kusimama la Ntate Tšeliso

"Ntate, unamsubiri nani?"

Nilimuuliza hivyo mzee Tšeliso nikiwa na miaka kumi, siku mama aliponituma kumpelekea uji wa mtama. Alikuwa peke yake nyumbani, lakini mezani palikuwa na vikombe viwili vya bati, kimoja kimefunikwa kwa kisahani. Ntate Tšeliso alivuta blanketi mpaka masikioni, akanigeuzia kompyuta.

"Soma hapa, Puseletso. Kipi kinatangulia?"

Swali langu akaliruka. Nikasoma, nikakosea.

"Umekosea wewe au mimi?"

"Mimi, Ntate."

"Mwongo. Mimi."

Ndivyo alivyofanya kazi. Kila alichoandika alimpa mtu asiyejua kompyuta amsomee, na msomaji akipotea, yeye ndiye aliyefuta.

Hapa Mokhotlong, milimani Lesotho, kila mtu anajua kisa chake. Yeye na rafiki yake Lebusa, waliochunga pamoja utotoni, walitunga Tsela, lugha ndogo ya kuiamrisha kompyuta kwa maneno ya Kisotho. Ofisi ya wafugaji iliitumia kuuliza vituo sita vya hali ya hewa milimani, kisha kuwatumia wachungaji ujumbe wa simu. Tatizo lilikuwa moja. Tsela iliuliza kituo cha kwanza, ikasimama mpaka kijibu, ndipo iende cha pili. Kimoja kikifukiwa na theluji, vingine vyote vilikaa nyuma yake bila kuulizwa.

Lebusa akairekebisha. Vituo vyote viliulizwa kwa mpigo, na programu ikashuka mstari wa chini bila kungoja. Mbio kweli! Ila ukiutazama ukurasa, hakuna kilichokuonyesha kwamba majibu bado yako njiani.

Sasa, wachungaji walikuwa wakilalamika kwamba ujumbe unawaingilia bila hodi, hauna hata salamu. 'M'e 'Mathuso, mama mtunza ofisi, akaona aibu. Akapanga mistari upya kwa mkono wake: uliza vituo, wasalimu wachungaji, wape habari. Nani angepanga vingine? Lakini salamu na habari ziliondoka kabla jibu hata moja halijafika. Programu ilipoona patupu, ikatangaza: hakuna theluji. Kondoo sitini walifia malishoni.

"Yule mama hajui programu," Lebusa alisema.

"Anajua kusoma. Ukurasa wetu ndio uliomdanganya."

"Basi kaa na ukurasa wako."

Lebusa akahamia Durban. Ofisi ikarudia Tsela ya zamani, ile ya mwendo wa kobe, na Ntate Tšeliso akabaki na kazi ya watu wawili.

Miaka sita nilimpelekea uji. Harusini haji, kanisani anakaa karibu na mlango. Mara moja nilimsikia akibishana ndani kwa sauti, nikajua leo ana mgeni. Nikachungulia. Hakuna mtu. Alikuwa anamjibu Lebusa asiyekuwepo.

Mwaka huu ofisi ilimwambia wazi: usipoirekebisha kabla ya theluji ya Juni, tunaachana na Tsela. Mwezi Mei akamwita 'M'e 'Mathuso. Mimi nilikuwepo.

"Ntate, mimi sigusi kitu. Sitaki kuua kondoo wengine."

"Hugusi. Unasoma tu."

'M'e 'Mathuso akavaa miwani, akasoma. "Tuma watu sita, kila mmoja kwa kituo chake. Halafu... *ema*." Neno lenyewe ni letu la kila siku, la kumwambia mtu asimame. "Mbona limekaa peke yake mstari mzima, kama mkwe aliyekasirika?"

"Likikaa hivyo unaelewa nini?"

"Hapa tunasimama. Wote sita wako njiani pamoja, na hakuna kufungua mdomo mpaka warudi."

"Na asiyerudi?"

Akashuka mstari. "Ikifika saa kumi hajarudi, atajwe jina." Akausoma tena. "Kwa hiyo hatusemi hakuna theluji. Tunasema, fulani hajarudi."

"Ndiyo, 'M'e."

"Na salamu yangu?"

"Iweke unapotaka."

Kidole chake kilitembea juu ya kioo, kikapita *ema*, kikatua chini yake, kando ya habari. "Hapa. Huwezi kumsalimu mtu kisha ukamkodolea macho." Akavua miwani, akacheka. "Kumbe kitu chenyewe ndicho hiki? Miaka sita! Mimi nikikusanya wajukuu waliotumwa dukani nafanya hivihivi."

Ntate Tšeliso hakucheka. Aliinama juu ya meza kama mtu aliyetuliwa mzigo akakosa pa kuweka mikono.

'M'e 'Mathuso alipoondoka, Ntate alimimina chai. Vikombe viwili. Hiki cha pili nikaona bado anakifunika kwa kisahani, kama zamani.

"Uliwahi kuniuliza namsubiri nani," akasema.

"Ndiyo, Ntate."

"Lebusa. Ila yeye mwenyewe sijawahi kumwambia."