Kamera Iliyoanguka Njia ya Kabuta

Kamera haikuwa yangu. Ilikuwa ya kiongozi wa kwaya yetu pale Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi nchini Zambia. Alinipa niitumie kupigia picha za ubatizo kwa sababu, alisema mbele ya watu, msichana aliyeacha shule ili alee wadogo zake baada ya wazazi kufa hawezi kuchezea kitu cha mwenzake. Sifa hiyo niliipenda kuliko kamera yenyewe.

Ijumaa moja niliifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, nikapanda baiskeli kwenda Kabuta, kando ya ziwa, kuona mahali ambapo watu wangebatizwa Jumapili. Njiani gurudumu likazama mchangani. Nilishuka, nikainama kusukuma, kitenge kikalegea, kamera ikapita juu ya bega na kugonga jiwe. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa samaki akacheka.

"Mama, mutoto yako ameanguka! Na halii hata kidogo!"

Nami nilicheka. Alipopotea tu, nikakaa chini kuipima. Niliitikisa karibu na sikio: kimya. Nikaiwasha, lenzi ikatoka, ikarudi. Nikatoa kadi, nikaipuliza, nikairudisha. Nikapiga picha ya kiatu changu, kisha ya pedali, zikaonekana safi kwenye kioo cha nyuma. Halafu nikaielekeza ziwani, kwenye mtumbwi uliokuwa mbali, nikauvuta karibu. Lenzi ikakwaruza kama jino linapokuta mchanga ndani ya chisense, wale dagaa wetu wanaoanikwa chini. Mtumbwi ukaonekana, ukayeyuka, ukaonekana tena. Nikazima kabla ya kubonyeza.

Nimejitetea mara nyingi kuhusu mchana ule. Lakini nilijua ni kipimo gani kilichobaki, picha ya mbali, nikakiacha. Nyumbani nilimpiga picha mdogo wangu wa mwisho, mlangoni, kwa karibu.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mbona unanipiga na sikuoga?"

"Nyamaza, ucheke."

Alitoka vizuri. Nikajiambia kamera ni nzima. Kiongozi wa kwaya sikumwambia neno.

Kati ya waliobatizwa Jumapili alikuwepo binti wa jirani yangu. Baba yake alibaki ng'ambo, Kongo, na hakuwa amemwona tangu akiwa wa kubebwa. Mama yake alinishika mkono.

"Unikamatie picha pale anatoka mu maji. Pale tu. Papa yake anangojea ile."

Mtu huzamishwa mara moja. Sikuthubutu kuingia majini na kamera ya watu, kwa hiyo nilisimama ufukweni nikavuta lenzi. Jua lilipiga kioo, sikuona kitu. Nilisikia ule mkwaruzo tu, nikaendelea kubonyeza.

Jumatatu, Nchelenge mjini, mchapishaji wa picha aliifungua picha ya yule binti kwenye kompyuta yake. "Huyu ni mutu ao ni moshi?"

Nikasema ni jua. Nilisema upesi, bila hata kufikiri, na njia nzima ya kurudi uongo huo ulinikaa mdomoni.

Nilianza kuungama kwa mwenye kamera. Aliielekeza kwenye mti ulio ng'ambo ya mashamba, akasikiliza, akaiweka chini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akaichukua, akaingia nayo ndani. Afadhali angenitukana.

Jirani nilimkuta na bintiye wakimenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akampigia mumewe, akanipa simu. "Mwambie weye mwenyewe."

Nikamwambia yote: jiwe, mkwaruzo, na jinsi nilivyonyamaza. Kule upande wa pili akasema taratibu, "Basi unielezee tu. Pale alitoka mu maji, alikuwa namna gani? Alicheka?"

Nilitafuta kichwani. Muda wote nilikuwa nimekodolea kile kioo, nikiiogopa mashine.

"Sikuona, papa."

Binti akaninyang'anya simu. "Nilimeza maji, papa! Mengi!" Akaanza kumsimulia: maji yaliyomwingia puani, mchungaji aliyeteleza akataka kuanguka naye, gauni lililoelea kama pulizo. Mama yake alikuwa akicheka na kupangusa macho kwa mkono wenye harufu ya mihogo. Mimi nilisimama katikati yao, nikisikia kwa mara ya kwanza mambo yaliyotokea mbele yangu.