Michezo Arobaini ya Fundi Miwani

Fundi miwani alikuwa amefikisha miaka arobaini na tisa binti yake alipomletea mkusanyo wa michezo ya video. Ilikuwa michezo arobaini, yote mipya, ila imetengenezwa kwa makusudi ifanane na ile ya zamani: watu waliochorwa kwa vijisanduku, rangi nne tano, muziki wa kulialia kama filimbi ya plastiki.

"Mama, si kila siku unatusimulia?" binti alisema huku akichomeka nyaya kwenye runinga. "Basi cheza, utuache tupumue."

Kweli alikuwa akiwasimulia. Utotoni, yeye na kaka yake wakitoka shule walikuwa wanapitia duka moja lenye mashine ya michezo pembeni, karibu na friji la soda. Kaka anacheza, yeye anatazama. Kaka alikuwa na mkono mwepesi hata wenzake wakambandika jina la Umeme. Kazi ya dada mtu ilikuwa kumshikia mkoba na kumshtua kaka kila adui wa mchezoni alipotokea nyuma.

Sasa Umeme aliishi chumba cha uani kwa dada yake. Presha ya macho ilikuwa imemla nuru kidogo kidogo, na alipokwenda kuonana na daktari, hapakuwa na cha kuokoa. Dada, ambaye alisaga lenzi za nusu ya mji, hakuwa na lenzi ya kumpa. Jambo hilo lilimuuma, na hakuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi moja mchana alianza kucheza peke yake, mlango ukiwa wazi. Mchezo wa kwanza aliuchukia, ulikuwa mgumu bila sababu. Wa tatu, wa mwanamke anayerukaruka juu ya mapaa, ukamnasa. Akiwa katikati ya kuruka akasikia fimbo ikigonga kizingiti.

"Nini hicho kinacholia?"

"Magemu, kaka. Mpwa wako kaniletea."

Umeme akapapasa kiti, akakaa, akainamisha kichwa kusikiliza. "Rangi gani?"

"Mbingu zambarau, mapaa mekundu. Mtu wangu mweupe, hana uso."

"Hata wetu hawakuwa na uso," alisema taratibu.

Tangu siku hiyo wakawa wanatafuta. Mchezo wao wa dukani ulikuwa wa chombo kinachopita pangoni, na jina lake hawakuwahi kulijua. Walijua haumo, maana yote ilikuwa mipya, lakini walitaka angalau ndugu yake. Wanafungua, wanajaribu, wanafunga. Wa kumi na sita ulikuwa na pango, ila ulikwenda kama konokono. Wa thelathini na moja ukawa na pango, na chombo, na miamba inayodondoka.

"Ni huu," dada alisema. "Wenyewe kabisa."

Alidanganya. Pango lile lilikuwa la kijani, na lao lilikuwa jeusi tii.

Umeme akasikiliza. "Siyo. Ule ulikuwa unakoroma kwanza, ndipo mwamba unaanguka. Ila nimesikia ulivyotaka uwe ndio."

Dada akaweka kishikio cha vitufe mapajani. Maneno yakamtoka bila kupanga. "Miaka yote ile nilitaka kukuomba zamu moja. Niliogopa utaniona msumbufu."

"Nilijua. Nilikuwa naona unavyovikodolea macho vidole vyangu." Akacheka bila sauti. "Nikajifanya sioni. Nisamehe, mdogo wangu. Hebu nipe hicho kitu nikishike."

Dada akamtafutia mchezo wa mpira unaodunda kati ya kuta mbili, kila ukuta na mlio wake. Mara ya kwanza Umeme alishindwa papo hapo. Ya pili vilevile. Dada akaanza kumwelekeza, juu, chini, sasa.

"Nyamaza, dada, unaniziba masikio."

Akanyamaza. Akamtazama akigeuza kichwa kufuata milio, vidole vikikumbuka polepole. Mara ya tano aliurudisha mpira mara tisa mfululizo, kisha ukampita. Alibaki amekikumbatia kishikio.

"Nje bado kuna mwanga?" aliuliza.

"Bado upo mwingi."

"Basi tuendelee kidogo."

Dada akabonyeza kitufe cha kuanza, akasogeza kiti chake karibu.