Suqin na Mgeni Asiyetaka Mlima

Kazi ya Tian Suqin ilikuwa kusindikiza wageni, na ukitaka kusema kweli, ilikuwa kazi ya kula. Kiwanda chao pale Changsha kilitengeneza mipira ya kuzibia pampu, vidude vyeusi ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuviota usingizini. Lakini wanunuzi walikuwa wakivuka bahari kuja kuvikagua, na kila mnunuzi alikuja na tumbo lake. Suqin alitafsiri, akamimina chai, akamchagulia mgeni kipande cha samaki kisicho na pilipili nyingi, akacheka mizaha ya meneja wake kwa lugha mbili, mizaha ileile kila mwaka. Mama wa makamo, mwembamba, mpole wa sauti. Ungemweka kwenye kona ya chumba ungesahau kwamba yupo, mpaka kikombe chako kingejaa chenyewe.

Ila alikuwa na kipaji kimoja. Aliweza kuisikia ndiyo iliyojificha ndani ya hapana. Sisi watu wa huku, kama tunavyojijua, hatupokei kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula, umeshiba. Ukipewa zawadi, unairudisha, nayo inarudishwa kwako, mnasukumana pale mlangoni utadhani mnagombana, hadi jirani anachungulia. Anayepokea haraka ameonyesha njaa yake, na mwenyeji anayekubali kushindwa haraka ameonyesha uchoyo wake. Suqin hakuwahi kushindwa. Wageni waliosema hapana mara tatu mbele yake waliondoka na mzigo wa kuwavunja mgongo.

Mwaka ule, majani yalipoanza kugeuka rangi, wifi yake Dongxiu alimpigia simu. Dongxiu ndiye aliyekuwa akikaa na mama mzazi wa Suqin kijijini, chini ya milima ya Zhangjiajie.

"Dada, mama jana kaniuliza yule mwanamke kwenye picha ya harusi ukutani ni nani."

"Mwanamke gani?"

"Wewe, dada. Ni wewe."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Akasema ana sura nzuri, lakini hamjui." Dongxiu akavuta pumzi. "Njoo, dada. Usingoje Mwaka Mpya. Mimi sijui kesho ataamka na nani kichwani."

Mwaka Mpya! Sikukuu mbili zilikuwa zimepita Suqin hajafika nyumbani. Kila mara alipiga simu na kueleza habari za wageni, na kila mara mama yake alimjibu kwa sauti yake kavu: "Usije, mwanangu. Treni zimejaa, baridi kali, kazi kwanza. Mimi sina shida." Suqin alisema sawa mama, akatuma pesa na koti jipya, akarudi kumimina chai. Sasa ile simu ya Dongxiu ilimkaa kifuani kama donge la wali mkavu. Alichotaka ni kitu kimoja tu: mama yake amtazame, amwite jina lake, hata mara moja, kabla jina lenyewe halijapotea.

Ndipo akaja Bi Marit, mkaguzi kutoka Norwei. Mrefu, mkimya, mwenye nywele za mvi alizozikata mwenyewe, kwa jinsi zilivyoonekana. Alikagua mipira kwa siku mbili bila kutabasamu wala kununa, na ukaguzi ukaisha mapema. Meneja Kou, bosi wake Suqin, akapiga meza kwa furaha.

"Kesho tunampandisha Zhangjiajie! Afike China arudi kwao bila kuona zile nguzo za mawe? Mimi nitauweka wapi uso wangu?"

Moyo wa Suqin ukaruka. Kijiji cha mama yake kilikuwa palepale, mwendo mfupi kwa gari kutoka lango la hifadhi ya milima ile. Akapanga hesabu zake kimyakimya: watapanda asubuhi, wataona, watapiga picha, watashuka kula, na Meneja Kou akishakula husinzia. Hapo ataponyoka. Kumwomba bosi ruhusa hakukumpitia akilini hata kidogo. Siku ya mgeni ni ya mgeni. Mwenyeji hatoi shida zake mezani.

Akamweleza Bi Marit mpango wa mlima.

"Asante sana, lakini hapana," akasema Bi Marit. "Nimechoka. Ningependa kulala tu, kisha nipande ndege yangu kesho usiku wa manane."

"Si mbali," akasema Suqin, ingawa ni mbali hasa, saa nne nzima za gari. "Utalala garini."

"Hapana, kweli."

"Meneja amekwishanunua tiketi." Hakuwa amenunua.

Bi Marit akamtazama kwa muda, macho ya buluu yasiyo na haraka. Suqin akatabasamu. Ndani, alikuwa akiomba kwa kila alichokijua.

"Sawa," akasema mgeni.

"Si nilikwambia?" Meneja Kou akamnong'oneza Suqin kwenye lifti. "Alikuwa anaona haya tu!"

Basi wakatoka alfajiri. Na mlima, jamani, mlima haukuwepo.

Palikuwa na ukungu tu, mweupe, mzito, uliojaa kuanzia kwenye viatu vyao hadi mbinguni. Walipanda na kile kibanda cha kioo kinachoning'inia kwenye waya, na kikaondoka ardhini kikaingia kwenye weupe, hata usijue kama kinapanda au kimesimama. Suqin alisikia watu wakicheka kwenye kibanda kingine asichokiona. Kule juu, sauti zilitembea zenyewe bila miili: mtoto akiomba kubebwa, mwanamke akimwita mumewe, tumbili akilia mahali fulani juu ya vichwa vyao. Mara ukungu ulipasuka kidogo, jiwe refu likajitokeza na misonobari yake kichwani, likasimama pumzi mbili tatu, kisha likarudi lilikotoka. Suqin hakuwa na hakika kama ameliona. Alikuwa ameleta wageni hapa miaka mingi, na siku zote alikuwa akitazama nyuso zao, kama wameridhika. Leo hapakuwa na uso wa kutazama wala mlima wa kuonyesha, na akajihisi mwepesi, kama mtu aliye usingizini anayejua kuwa yuko usingizini.

Meneja Kou alinunua makoti ya mvua ya plastiki, ya njano, akawavika wote. "Tunasubiri," akatangaza. "Utafunguka tu. Mgeni hatoki hapa mpaka aone."

Wakasubiri. Ukungu haukuwa na habari nao. Chakula cha mchana kikapita. Suqin akawa anatazama saa yake chini ya plastiki, na kila alipotazama aliona ile nafasi yake ndogo ikiyeyuka. Wakikaa zaidi, watashuka moja kwa moja hadi garini, na kutoka garini hadi uwanja wa ndege. Atapita karibu na paa la mama yake bila kusimama. Akavuta plastiki ikaifunika saa.

Meneja Kou akaenda kutafuta viazi vya kukaanga. Wanawake wawili wakabaki kwenye benchi, mbele yao kuna kizuizi cha chuma na zaidi ya hapo hakuna kitu.

"Naweza kukuuliza jambo bila kukuudhi?" akasema Bi Marit. "Jana niliposema hapana, wewe ulisikia nini?"

Suqin akaona aibu. "Nilidhani ni adabu. Kwetu mtu hakubali mara ya kwanza. Inabidi umlazimishe kidogo, ndipo ajue unampenda."

"Na asipolazimishwa?"

"Hapo anaumia. Lakini hasemi."

"Watu wote wako hivyo? Hata mama mzazi kwa mtoto wake?"

"Hao ndio zaidi," akasema Suqin, akicheka, na kicheko kikamkatika katikati.

Usije, mwanangu. Kazi kwanza. Mimi sina shida.

Mungu wangu! Yeye, fundi wa kusikia, yeye aliyeweza kumlazimisha mtu wa Norwei asiyemjua apande mlima asioutaka, alikuwa ameambiwa usije na mama yake mzazi, sikukuu mbili, na mara zote mbili akajibu sawa mama. Hakusukuma hata mara moja. Alilikubali neno upesi kwa sababu lilimfaa, na bibi kizee akaweka simu chini akakaa na adabu yake peke yake karibu na moto. Suqin akafunika uso kwa plastiki ya njano akalia bila sauti. Alijichukia kweli.

Bi Marit hakumgusa wala kumwambia nyamaza. Kisha akauliza, "Nini?"

Suqin akanyoosha kidole kwenye ukungu, chini. "Mama yangu anakaa pale."

"Pale pale?"

"Pale. Na anaanza kunisahau."

Bi Marit akasimama, akajipangusa matone. "Sasa sisi hapa tunafanya nini?"

Meneja Kou akarudi na viazi vikitoa moshi. "Kaeni, kaeni, kule upande wa pili naona kunaanza kutakata!"

"Meneja," akasema Suqin. Neno lililofuata hakuwahi kulitamka kazini tangu aajiriwe. "Nataka kwenda kwa mama yangu. Sasa hivi."

Mdomo wa Meneja Kou ukabaki wazi na kiazi ndani yake. "Mama yako yuko wapi?"

"Hapo chini. Kijijini."

"Miaka yote hii unaniletea wageni hapa, na mama yuko hapo chini?" Sauti ikampanda, watu wasioonekana wakanyamaza. "Wewe mwanamke una moyo au una mpira wa pampu? Na mimi umenifanya mtu gani? Watu wa kijiji chenu wananionaje? Haya, twende! Na hatuendi mikono mitupu, nisije nikachekwa!"

Wakashuka. Katikati ya njia, kibanda kikiwa kinaning'inia, ukungu ukafunguka bila kuombwa. Nguzo za mawe zikasimama pande zote, mamia, ndefu, nyembamba, miguu yao ikiwa imezama kwenye mawingu, jua likizipaka rangi ya chai. Meneja Kou alipiga kelele kama mtoto. Bi Marit aliweka kiganja kwenye kioo. Suqin naye alitazama, na ulikuwa uzuri wa kuumiza, lakini jicho lake lilikwenda chini kabisa, kwenye mapaa meusi na moshi mwembamba.

Meneja Kou alinunua boksi la maziwa, matunda, na boksi jingine la maziwa. Dongxiu aliwafungulia mlango, akamwona wifi yake, akaziba mdomo kwa mkono.

Ndani, nyama zilikuwa zikining'inia juu ya moto, nyeusi kwa moshi. Mama alikaa kwenye kigoda kifupi, mdogo kuliko Suqin alivyomkumbuka, amevaa lile koti aliloletewa. Alipoona watu akainuka kwa adabu.

"Karibuni, karibuni wageni! Mmekula? Njia ilikuwa mbaya? Dongxiu, viti!"

Macho yake yalipita kwa Meneja Kou, yakapita kwa Bi Marit, yakapita kwa Suqin, na hayakutua.

Suqin akapiga magoti mbele yake. "Mama. Ni mimi. Suqin."

Mama akatabasamu vizuri sana, tabasamu la kumpa mtu wa mbali. "Suqin yuko Changsha. Ana kazi kubwa, anaongea na Wazungu. Unamfahamu?"

Dongxiu akageukia ukuta. Meneja Kou alikuwa akitazama viatu vyake.

"Namfahamu," akasema Suqin.

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Uongo. Huyo hali, hulisha wenzake." Mama akamwekea kikombe cha chai mkononi, akavifunga vidole vya Suqin juu ya kikombe ili apate joto. "Mtoto msikivu mno. Ukimwambia usije, haji."

Suqin akanywa. Chai ilikuwa ya moto na machozi yaliingia humo, na mama akaona, akasema moshi wa nyumba hii ni mkali kwa wageni.

Saa ya kuondoka kwenda uwanja wa ndege ikawa imefika. Suqin akainuka, akaanza kumwambia Bi Marit kuhusu foleni ya mjini. Meneja Kou akamkatiza. "Wewe unabaki."

"Na nani atatafsiri?"

"Nina mikono miwili. Nitamwonyesha ndege kwa mikono." Akapenga kamasi kwa kishindo. "Hesabu kuwa ni likizo. Usinibishie."

Suqin hakubisha. Bi Marit alimkumbatia mama kizee kwa muda mrefu, kisha gari likaondoka na giza likaanza kushuka milimani.

Mama akamtazama Suqin aliyebaki peke yake mlangoni. "Wewe mgeni, hukwenda na wenzako?"

"Gari limeniacha, mama."

"Wameona mtu mwembamba wakamsahau!" Akacheka, akamshika mkono, akamwongoza kwenye chumba cha nyuma, akafunua kitanda kilichotandikwa shuka safi lililonyooshwa, ambalo halikuwa limelaliwa na mtu. "Utalala hapa. Ni kitanda cha binti yangu, namtandikia kila wiki. Hatakasirika."