Tao la Misonobari Mlangoni kwa Preben

Watu wa kijiji cha Hvidmose walisema Bodil Thinggaard akimnusa ng'ombe malishoni hujua maziwa yake yatachacha Alhamisi au Ijumaa. Hapo wametia chumvi, maana Ijumaa alikosea mara moja, mwaka ule wa theluji nyingi. Lakini pua alikuwa nayo. Aliacha shule ana miaka kumi na minne, akaingia kiwanda cha maziwa cha ushirika kuosha mabomba na madumu, na kwa miaka thelathini na mmoja haikurudishwa hata lita moja kwa uchafu. Meneja wake, mtu wa shahada mbili, alivua viatu kabla ya kukanyaga sakafu yake. Wengine wanaapa kwamba alivua na soksi.

Mumewe, Aksel, alikuwa seremala, mtu mpole aliyejua msumari umekaa sawasawa kwa kuusikiliza tu mlio wake. Alikuwa na baridi yabisi, na dawa alizomeza kwa ajili ya viungo zilimpunguzia kinga ya mwili. Hilo halikumhangaisha. Kilichomhangaisha ni chakula cha mchana, na mchana bila mkate mweusi na vipande vyembamba vya nyama ya kukunja, ile iliwayo baridi, kutoka kwa Preben aliuita kifungo.

Preben Lundsgaard ndiye aliyekuwa na bucha pekee kijijini. Mcheshi, mnene, mtunza hazina wa chama cha mazoezi ya viungo, na mtoto yeyote aliyeingia dukani alitoka na kipande cha soseji mdomoni. Kila mtu alimpenda, na Bodil naye alimpenda.

Mwezi wa tano Preben na mkewe Jytte walitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Majirani kumi na wanne wakafanya kama wafanyavyo majirani wote wa huko: wakakata matawi ya misonobari, wakajenga tao kuzunguka mlango wa wanandoa, ili asubuhi yake waje kuimba na kupewa mikate na kipimo cha pombe chungu. Na kwa kuwa Preben na Jytte waliishi juu ya bucha, mlango wao ulikuwa ndio mlango wa bucha.

Bodil alikuwa juu ya ngazi na waya mkononi alipoiona karatasi. Ilikuwa ripoti ya wakaguzi wa chakula, ya juma lile lile. Kwa sheria kila duka la chakula lina yake mlangoni, wateja waione, na juu yake pamechorwa uso: unaocheka kama mambo ni mazuri, ulionuna kama mambo ni mabaya. Uso wa Preben ulinuna kweli kweli. Bodil akasoma kwamba chini ya kisu cha mashine ya kukatia nyama wakaguzi walikuta mabaki ya siku nyingi.

Damu ya mwosha mabomba ikamchemka. Lakini akamfikiria Jytte akishuka ngazi kesho na gauni lake jipya, kijiji kizima kikiimba, na uso ule ukimkodolea macho. Akaona ni aibu isiyo lazima. Tao hushushwa baada ya siku nane, na siku nane si nyingi. Akavuta tawi nene, akalilaza juu ya karatasi, akalifunga mafundo mawili.

Kwenye karamu alimvuta Preben pembeni, akamwambia aisafishe mashine yake kabla hajaja kuisafisha yeye kwa mikono yake. Preben alicheka, akasema imeshang'aa kama jino la bandia.

Siku nane zikapita, majirani wakarudi kulishusha tao kama ilivyo desturi. Preben akawamiminia, akasema liacheni, Jytte anapenda kulitazama. Wiki ikafuata wiki. Matawi yakawa ya kahawia, miiba ikamwagika, na wateja walitoka dukani wanafanana na nungunungu. Ikawa mzaha wa kijiji. Wakasema Preben anasubiri ya miaka hamsini.

Wiki ya tano baada ya zile siku nane Aksel alipata homa, shingo ikakakamaa, akaanza kumwita Bodil kwa jina la mama yake. Hospitalini walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta bakteria wa listeria, viumbe wasioogopa friji, ambao hula na kuzaana kwenye baridi inayowazima wenzao. Wiki hiyo hiyo wakalazwa wengine watatu, na mmoja wao, mama mzee aliyepiga kinanda kanisani, hakurudi nyumbani. Maabara ikawalinganisha bakteria wa wagonjwa na wale waliokutwa chini ya kisu cha Preben. Walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Aksel alirudi, lakini sikio la kushoto lilikufa kabisa, na la kulia likabaki na uhai kidogo.

Wakaguzi waliporudi kuchukua sampuli hizo dukani, tao lilikuwa limeshachomwa na ripoti inaning'inia mlangoni, imenyooka. Preben akasema ilikuwa pale siku zote. Polisi wakawauliza majirani, na majirani wakapatwa na usahaulifu uliotembea nyumba kwa nyumba kasi kuliko listeria. Mmoja alisahau hata kama aliwahi kuwa na msumeno. Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda Preben, na kila mmoja alikuwa amefunga tawi lake.

Mwendesha mashtaka akamwambia Bodil wazi: bila shahidi, shtaka la kuficha ripoti litaanguka, litabaki la mashine chafu, na mtu huyo atafungua duka lake tena. Bodil hakutaka Preben afungwe. Alitaka jambo moja, iandikwe na mahakama kwamba alijua, akaficha, akaendelea kuuza.

Jirani yake Inger, rafiki tangu kiwanda cha maziwa, alikuja kumwonya.

"Ukienda kusema, shoga, utausema na mkono wako uliofunga tawi."

"Najua."

"Watasema Bodil msafi ndiye aliyemuua mama wa kinanda."

Kwa siku tatu Bodil alisugua nyumba, akasugua mpaka paka akahamia kwa mchungaji. Siku ya nne akampigia simu mwendesha mashtaka.

Mahakamani wana Hvidmose walijaa mabenchi ya nyuma. Bodil aliulizwa lini tao lilisimamishwa, lini lilipaswa kushuka, nani alikataa lisishuke. Akajibu yote, pamoja na tarehe. Kisha akasimama wakili wa Preben, kijana nadhifu, sauti yake tamu kama jemu.

"Bi Bodil, mteja wangu hakupanda ngazi. Nani hasa aliifunika ile ripoti?"

"Mimi."

"Uliisoma kabla?"

"Neno kwa neno."

"Kwa hiyo aliyeificha ni wewe."

"Siku nane niliificha mimi," alisema Bodil. "Nilimwonea huruma mkewe, na hilo nitakufa nalo. Wiki tano zilizofuata aliificha yeye. Tulikwenda kulishusha tao, watu kumi na wanne, akatunywesha turudi nyumbani."

Wakili akatazama karatasi zake, na inasemekana bado anazitazama.

Ndipo Inger alipoinuka kutoka benchi la nyuma bila kuitwa. "Ngazi niliishika mimi," alisema. Hakimu akamwamuru aketi. Kabla hajaketi, yule aliyesahau msumeno wake akawa ameukumbuka. Ilibidi kesi iahirishwe ili majirani waandikishwe ushahidi kwa utaratibu, maana kila mmoja alitaka kuanza. Preben aliinamisha kichwa. Jytte, aliyekaa nyuma yake, aliinuka akahamia benchi jingine.

Hukumu ilitoka mwezi wa kumi na moja. Preben alikatazwa kuendesha biashara yoyote ya chakula kwa miaka mingi, na bucha likafungwa. Si wote waliomshukuru Bodil. Baridi yote ile walikuwapo waliovuka barabara wakimwona, na siku ya mikate ya Majilio, kila mmoja alipoleta yake, sahani ya Bodil ilibaki imejaa huku za wenzake zikiliwa. Hakununa wala hakupunguza. Mwaka uliofuata alileta sahani mbili.

Nakala ya hukumu ilikuja kwa posta, kurasa kumi na moja. Bodil, aliyeacha shule mapema na kuogopa maneno marefu, aliketi upande wa kulia wa Aksel, akaweka mdomo karibu na lile sikio lenye uhai kidogo, akasoma zote kwa sauti ya kuita ng'ombe. Jina lake mwenyewe na zile siku nane zilikuwa ukurasa wa sita. Hakuziruka.

Alipomaliza, Aksel aligonga karatasi kwa kidole.

"Rudia pale," alisema.

"Wapi?"

"Pale waliposema alijua."

Akarudia.